Kuchaji gari la haibridi la kuchomeka unaposafiri kutoka Uingereza kwenda Ufaransa

Gari la haibridi la kuchomeka, yaani lile lenye injini ya petroli pamoja na betri inayochajiwa kwa umeme wa nje, humpa msafiri uhuru ambao mwenye gari la umeme tupu hana: betri ikiisha, safari inaendelea. Uhuru huo ndio unaowafanya wengi wavuke bahari bila maandalizi yoyote, kisha ama wamalize likizo nzima bila kuchaji hata mara moja, ama wapoteze saa nzima kwenye nguzo ya kuchajia ya bei ghali ili kupata kilomita chache ambazo petroli ingewapa kwa pesa pungufu. Yote mawili ni hasara inayoepukika. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba gari hili lichajiwe mahali linapolala, na barabara kuu liziendee kwa petroli. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa anayeanzia Uingereza na kwenda Ufaransa, ingawa sehemu kubwa itamfaa pia anayevuka hadi Ubelgiji, Ujerumani au Italia.

Uniti ninayoitaja humu ni ileile ya kwenye mita za LUKU na tokeni za Kenya Power, yaani kilowati moja inayotumika kwa muda wa saa moja.

Hatua ya 1: Lijue gari lako kabla ya kununua chochote

Fungua kitabu cha gari utafute mambo manne: betri inabeba uniti ngapi zinazotumika, chaja iliyomo ndani ya gari inapokea kilowati ngapi, soketi ya gari ni ya aina gani, na kama gari linapokea umeme wa DC wa zile chaja za kasi. Magari mengi ya namna hii yana betri ya uniti 8 hadi 20, na chaja ya ndani ya kilowati 3.6 au 3.7, baadhi hufika 7.4, na machache hufika 11. Tarakimu hiyo ya chaja ya ndani ndiyo inayotawala kila kitu kitakachofuata, kwa sababu hata ukilichomeka gari lako kwenye nguzo iliyoandikwa kilowati 22, litachukua zile 3.6 zake na si zaidi.

Soketi ya kawaida barani Ulaya inaitwa Type 2, na magari mapya yanayouzwa Uingereza na Ufaransa huja nayo. Matoleo ya zamani ya Mitsubishi Outlander PHEV, ambayo bado ni mengi barabarani, yana soketi ya Type 1 kwa umeme wa kawaida na ya CHAdeMO kwa umeme wa kasi. Mwenye gari hilo anahitaji kebo yenye Type 2 upande wa nguzo na Type 1 upande wa gari, na asiitegemee sana CHAdeMO, kwa kuwa vituo vipya vingi vinajengwa kwa plagi ya CCS. Magari mengine mengi ya haibridi hayapokei umeme wa DC hata kidogo. Yako yanayoupokea, kama vile Volkswagen Passat eHybrid mpya yenye betri ya uniti 19.7, lakini kupokea DC hakulifanyi jambo hilo kuwa la faida, kama hesabu ya hatua ya 5 itakavyoonyesha.

Hatua ya 2: Andaa kebo mbili na uziache adapta dukani

Kebo ya kwanza ni ya nguzo za barabarani, yenye plagi ya Type 2 pande zote mbili kwa magari mengi. Nguzo za umeme wa kawaida nchini Ufaransa kwa kawaida hazina kebo yake, hivyo asiye na kebo hachaji. Kwa gari la kilowati 3.6 kebo ya ampea 16 inatosha. Ukidhani kwamba siku moja utanunua gari linalopokea kilowati 7.4, chukua ya ampea 32. Kebo nene ya fezi tatu, yaani yenye nyaya tatu za moto badala ya moja, haina kazi kwa gari la fezi moja zaidi ya kukujazia buti. Urefu wa mita 5 unatosha mara nyingi, ila mita 7 hukuokoa pale ambapo soketi ya gari iko ubavuni upande wa mbali na nguzo.

Kebo ya pili ni ile yenye kisanduku katikati, inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya nyumba. Hapa ndipo wasafiri kutoka Uingereza hukwama, kwa sababu kebo waliyopewa na gari ina plagi ya pini tatu bapa, ileile tunayoitumia Kenya, Tanzania na Uganda, ilhali soketi za Ufaransa ni za matundu mawili ya duara na pini moja ya ethi inayochomoza, kama zinazoonekana Kongo na Burundi. Wengi hununua adapta ndogo ya uwanja wa ndege na kuona wamemaliza kazi. Naomba usifanye hivyo. Adapta nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa simu na mashine za kunyolea. Nyingine hazishiki waya wa ethi sawasawa, na hakuna iliyokusudiwa kupitisha ampea 10 kwa saa sita mfululizo usiku watu wakiwa wamelala. Plastiki hulainika, pini hubadilika rangi, na moto wa nyumba ya mtu huanzia hapo. Nunua kebo ya pili yenye plagi ya Ulaya bara, iliyo na kipimo cha joto ndani ya plagi na kitufe cha kupunguza ampea. Plagi moja ya kisasa huingia kwenye soketi za Ufaransa na za Ujerumani pia. Uswisi na Italia wana soketi zao tofauti, kwa hiyo anayevuka Alps aulize mapema mahali atakapofikia.

Hatua ya 3: Andaa njia mbili za kulipa

Tangu tarehe 13 Aprili 2024, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1804 inataka kila kituo kipya cha umma kimruhusu mtu yeyote kulipa papo hapo bila mkataba. Kwa vituo vya kilowati 50 na zaidi hiyo ina maana ya kadi ya benki. Kwa nguzo ndogo, ambazo ndizo utakazozitumia wewe, msimbo wa QR unaofunguka kwenye simu unakubalika. Nguzo zilizosimikwa kabla ya tarehe hiyo bado ni nyingi, na baadhi yake hazikutambui usipokuwa na kadi ya mtandao fulani wa kuchaji.

Kwa hiyo jisajili kwa kampuni moja inayounganisha mitandao mingi, kama vile Chargemap, Octopus Electroverse au Shell Recharge, na uagize kadi yake ya plastiki wiki kadhaa kabla ya kuondoka, kwa kuwa huja kwa posta. Programu ya simu peke yake haitoshi. Nguzo nyingi za mijini ziko kwenye maegesho ya chini ya ardhi, ghorofa ya pili au ya tatu kwenda chini, ambako simu haina mtandao kabisa. Unasimama mbele ya nguzo inayofanya kazi vizuri, programu inazunguka tu bila kufunguka, na gari halichaji. Kadi ya plastiki haihitaji simu yako iwe na mtandao. Unaigusisha mahali palipochorwa alama yake na nguzo inafunguka.

Katika programu hiyo chuja ramani ibaki na nguzo za Type 2 za karibu na mahali utakapolala, kisha uhifadhi mbili au tatu. Soma pia maoni ya waliozitumia karibuni, kwa sababu ramani huonyesha nguzo kuwa ipo hata kama imeharibika kwa muda mrefu.

Hatua ya 4: Zungumza na mwenye nyumba au hoteli

Hatua hii ina thamani kuliko nyingine zote, na ndiyo inayosahaulika mno. Unapochagua hoteli, usiridhike na alama ya plagi kwenye tovuti ya kuhifadhi vyumba. Andika uulize: nguzo ni ngapi, ni za Type 2 au za gari la aina moja tu, bei inahesabiwaje, na je, nafasi yake inaweza kuwekwa kwa jina lako. Hoteli yenye vyumba arobaini na nguzo mbili haikuhakikishii kitu ukifika saa tatu usiku.

Kwa nyumba ya kupanga ya likizo, omba ruhusa kabla ya kulipia na ueleze ukweli wote. Mwambie mwenye nyumba kwamba gari linachukua ampea 8, kwamba betri tupu hunywa uniti kama 11 hivi, na kwamba uko tayari kulipa. Umeme wa nyumbani Ufaransa unakaribia senti 20 za yuro kwa uniti, hivyo usiku mmoja haumgharimu zaidi ya yuro mbili na ushee. Mpe tatu na mtaachana vizuri. Kuchomeka gari kimya kimya kwenye umeme wa mtu ni kukosa adabu, na baadhi ya mikataba ya kupanga inakataza waziwazi.

Muulize pia kama soketi ya nje ni ya kawaida au ni ile iliyoimarishwa kwa ajili ya magari, inayojulikana huko kwa jina la Green'Up, ambayo hupitisha hadi kilowati 3.2 au 3.7 bila wasiwasi. Soketi ya kawaida ya Ufaransa isipitishwe zaidi ya ampea 8 kwa kazi hii, yaani kilowati 1.8. Kwa kambi za mahema hali ni ngumu zaidi: kiwanja kingi kina ampea 6 au 10 tu, na kambi kadhaa hazikubali gari lichajiwe kwenye kisanduku cha kiwanja, kwa hiyo ulizia mapokezi.

Hatua ya 5: Barabarani, itunze betri kwa ajili ya miji

Treni ya magari ya LeShuttle hutoka Folkestone hadi Calais kwa dakika 35, na baada ya hapo unaingia moja kwa moja kwenye barabara kuu. Kutoka Calais hadi Reims kwa barabara ya A26 ni kama kilomita 270, na mwendo unaoruhusiwa kukiwa kukavu ni kilomita 130 kwa saa. Kwa mwendo huo betri ya haibridi huyeyuka mapema sana. Kabla ya kuingia kwenye treni, bonyeza kitufe cha kuihifadhi betri ili injini ifanye kazi yote ya barabara kuu, kisha uirudishe kwenye umeme ukikaribia mji, penye taa za barabarani na foleni. Hapo ndipo mota ya umeme inaposhinda injini kwa mbali.

Usichanganye kitufe hicho na kile kinachoilazimisha injini kuijaza betri wakati unaendesha. Hicho cha pili huchoma petroli kutengeneza umeme, na umeme huo hukurudishia kilomita chache kuliko ambazo petroli ileile ingekupeleka moja kwa moja.

Sasa hesabu niliyoiahidi. Chukulia betri inayotumika ya uniti 10 inayokupa kilomita 45, na kwamba nguzo hutoa uniti 11.5 kuijaza, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea njiani. Kwa bei ya senti 50 kwa uniti utalipa yuro 5.75. Kilomita 45 hizo kwa petroli, gari likinywa lita 6.5 kwa kilomita 100 na lita ikiuzwa yuro 1.70, ni takriban yuro 5. Umelipa zaidi, na kwa kilowati 3.6 umesubiri zaidi ya saa tatu. Umeme huohuo ukiuchukua kwenye nyumba uliyopanga, kwa senti 20, ni yuro 2.30 na umelala usingizi wako. Chaja za kasi za barabara kuu mara nyingi ni ghali kuliko senti 50, na kuna sababu nyingine ya kuziacha hata kama gari lako linazipokea: aliye nyuma yako kwenye foleni huenda ana gari la umeme tupu na hana tangi la kumfikisha nyumbani.

Hatua ya 6: Unapotumia nguzo ya mtaani

Soma bei kwanza, na uangalie inahesabiwa kwa nini. Ujerumani hulipisha kwa uniti, ingawa baadhi ya mitandao huongeza tozo ya kukalia nafasi baada ya saa kadhaa. Ufaransa bado kuna nguzo nyingi zinazolipisha kwa dakika, na hapo mwenye haibridi huumia. Tuseme nguzo inatoza senti 5 kwa dakika, yaani yuro 3 kwa saa. Gari linalovuta kilowati 22 litapata uniti 22, kila moja chini ya senti 14. Lako linalovuta 3.6 litapata uniti 3.6, kila moja senti 83. Nguzo ni moja, bei iliyobandikwa ni moja, na wewe umelipa mara sita. Ukikuta bei ya dakika, piga hesabu hiyo papo hapo kabla ya kutoa kebo kwenye buti.

Nguzo nyingi za Ufaransa zina kifuniko kinachofunguka na kuonyesha soketi mbili: ya Type 2 na, kando yake, ya kawaida ya nyumbani. Tumia ya Type 2. Gusisha kadi, subiri kifuniko kifunguke au taa ibadilike, chomeka upande wa nguzo na upande wa gari kwa utaratibu unaoelekezwa kwenye kioo, kisha ulifunge gari. Usiondoke bado. Subiri dakika moja na uangalie dashibodi au taa iliyo kwenye soketi ya gari. Lazima gari lenyewe likiri kwamba linachaji.

Lisipochaji, mara nyingi kosa liko kwenye ratiba. Wengi Uingereza wameliweka gari lichaji saa za usiku wa manane umeme unaposhuka bei, na agizo hilo linaendelea kufanya kazi Ufaransa mchana kweupe: kebo imeingia, nguzo iko tayari, dakika zinalipiwa, na gari linasubiri usiku. Izime ratiba kabla ya kuondoka nyumbani. Kama utaitumia kwenye nyumba ya kupanga, kumbuka kwamba saa ya Ufaransa iko mbele kwa saa moja.

Kuhusu msimbo wa QR, angalia kama umechapishwa kwenye nguzo yenyewe au ni karatasi iliyobandikwa juu ya nyingine. Wezi hubandika misimbo yao ili wapate namba za kadi. Ukiwa na shaka tumia kadi ya plastiki, au ufungue programu na uandike namba ya nguzo kwa mkono.

Ukimaliza, simamisha kwa kadi ileile uliyoanzia, fungua milango ya gari ili plagi iachiwe, chomoa upande wa gari, kisha upande wa nguzo. Kebo ikigoma, usiivute kwa nguvu. Funga na ufungue gari tena, na ikishindikana piga namba iliyoandikwa kwenye nguzo, kwani wahudumu wanaweza kuifungua kutoka mbali. Magari mengi pia yana kamba ya dharura ya kuachia plagi, mara nyingi ndani ya buti karibu na soketi, na inafaa ujue iliko kabla ya siku ya kuihitaji. Liondoe gari mara linapojaa, kwa kuwa nafasi hiyo ni ya kuchajia na si ya kuegesha.

Hatua ya 7: Unapotumia soketi ya nyumba

Weka ampea 8 kwenye kebo au kwenye skrini ya gari. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni. Ikiwa haiepukiki, iwe nene, ya nje, na iliyokunjuliwa yote, kwa sababu waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto. Kisanduku cha kebo kiwe kimeinuliwa au kupumzishwa mahali pasipotuama maji, kisining'inie na kuivuta plagi kwa uzito wake. Baada ya nusu saa rudi ushike plagi kwa kiganja: uvuguvugu ni kawaida, lakini ikiwa huwezi kuishika kwa raha, zima na usiendelee kwenye soketi hiyo. Taa nyekundu ya hitilafu ya ethi nayo ni amri ya kuacha. Usijaribu kuikwepa kwa adapta, maana kebo inakuambia kwamba nyaya za nyumba hiyo hazina ulinzi.

Umeme wa nyumba nao una kikomo. Italia nyumba nyingi zimeunganishwa kwa kilowati 3 tu. Gari likichukua 2.3 na mtu akawasha jiko la umeme, mita hukata nyumba nzima. Ufaransa kikomo huwa kikubwa zaidi, ila ni busara gari lianze kuchaji baada ya watu kupika na kuoga. Kwa ampea 8 betri ya uniti 10 hujaa kwa saa sita na ushee, kwa hiyo ukianza saa tano usiku litakuwa tayari kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Hatua ya 8: Baada ya kila malipo

Piga picha ya bei iliyoko kwenye nguzo na ya kioo unaposimamisha. Ukilipa kwa kadi ya benki, baadhi ya vituo huzuia kwanza kiasi kikubwa kuliko ulichotumia, na tofauti hurudi baada ya siku kadhaa. Hilo si wizi, lakini liweke akilini kama akaunti yako ina salio dogo. Ankara za mitandao ya nje huchelewa kufika, pengine wewe umesharejea nyumbani. Linganisha uniti na dakika zilizoandikwa na picha zako, na ukiona tofauti iandikie kampuni iliyokupa kadi, ukitaja namba ya nguzo, tarehe, na saa ya Ufaransa badala ya saa ya Uingereza.